Kinachorithiwa ni Daftari

Katiba ya Tanzania haimjui mtoto wa mbunge. Ibara ya 67 inamtaka anayegombea ubunge awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe amependekezwa na chama cha siasa. Hakuna palipoandikwa baba wala ukoo. Hata hivyo, sisi tuliofanya kazi za uchaguzi vijijini tunajua kuwa kiti kinaweza kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto bila sheria hata moja kuvunjwa. Nimeiona njia hiyo kwa karibu nikiwa mratibu wa kampeni za udiwani na ubunge upande wa Iramba na Mkalama, mkoani Singida. Nilianza nikiwa katibu wa tawi, nikaandika kadi na kukusanya ada za wanachama, kisha nikapanda hadi kuendesha timu za wagombea. Ushuhuda wangu ni huu: mtoto wa mwanasiasa hapati kiti kwa sababu ya damu. Anakipata kwa sababu amerithi daftari.

Daftari ninalolisema ni la kaunta, la jalada gumu, kama yale yanayouzwa madukani Kiomboi na Singida mjini. Mwanasiasa aliyekaa muda mrefu ana lake, au ana mtu wa kumtunzia. Mimi nimewahi kulitunza. Ukurasa wa kushoto una jina la mjumbe wa chama, tawi lake, namba ya simu na jina la mke au mume wake. Ukurasa wa kulia una mambo yaliyopita: alipougua alipelekwa hospitali kwa gari la nani, mwanawe alilipiwa ada ya kidato cha ngapi, mazishi ya mama yake yalichangiwa mahindi kiasi gani, kijana wake alitafutiwa kibarua wapi. Pembeni kuna alama ya kalamu nyekundu kwa wale wanaosikilizwa na wenzao, maana mjumbe mmoja mwenye heshima huja na kura tano au sita nyuma yake. Mengi yaliyomo humo huwezi kuyaita rushwa. Ni kumbukumbu ya fadhila, iliyoandikwa kwa miaka kumi au ishirini, na kila mstari una mtu anayejiona anadaiwa.

Ili kuelewa nguvu ya daftari hilo, tazama kwanza mlango wa kuingilia. Mgombea binafsi haruhusiwi nchini mwetu. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, na Juni 2013 mahakama ikampa ushindi. Lakini hadi uchaguzi wa Oktoba 2025 sheria yetu bado ilimtaka kila mgombea apitie chama. Kwa hiyo mahali ambapo chama kimoja kina nguvu, kama zilivyo kata nyingi za kwetu, uchaguzi wenyewe humalizikia kwenye kura za maoni za ndani ya chama. Mwaka 2015 Chama Cha Mapinduzi kiliwapa wanachama wote kura hiyo. Mwaka 2020 kikairudisha kwa wajumbe wa mkutano mkuu, na ndipo nchi nzima ikaanza kusema "wajumbe siyo watu". Mwaka 2025 idadi ya wapiga kura hao ikaongezwa, ila majina yalichujwa kwanza ngazi za juu kabla ya kura za tarehe 4 Agosti. Kanuni hubadilika, lakini hesabu yake ni ile ile: wajumbe mia kadhaa wanaenea kwenye daftari moja, wananchi elfu thelathini hawaenei. Palipo na wapiga kura wachache wanaojulikana kwa majina, fadhila za baba zinahesabika, na kinachohesabika kinarithika.

Wengi hudhani kampeni ya mtoto huanza siku ya kuchukua fomu. Kwa niliyoyaona, huanza msibani. Mzee aliyekuwa kiongozi akifariki, turubai hufungwa, masufuria makubwa hupangwa nje, kina mama hupokezana kusonga ugali, na wajumbe hufika kutoka kata zote kwa sababu kutofika ni aibu. Sisi wa timu huwa kwenye mapokezi. Watu wazima wakishakaa, wanaanza kuangalia nani anausimamia msiba. Siku ya kuanua tanga husimama mtoto mmoja kutoa shukrani kwa niaba ya familia, na familia haimwachii nafasi hiyo yeyote tu. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha ndani kilichoamua nani aseme. Tulizungumzia sauti, elimu, na kama anaweza kusalimia kwa Kinyiramba bila kukwama. Nani mkubwa kwa kuzaliwa hakuna aliyeuliza.

Kijana aliyechaguliwa akasimama, akawashukuru wazee mmoja mmoja kwa majina, na kila jina akalifuatisha na jambo ambalo mzee huyo aliwahi kulifanya pamoja na marehemu. Mambo hayo aliyasoma usiku uliotangulia, taa ikiwa mezani na daftari mbele yake. Alipomaliza kwa kusema, "Baba ameniachia ninyi," wazee waliitikia kwa pamoja. Siku ya fomu ilikuwa bado mbali, lakini chini ya turubai lile walikuwepo watu wengine waliokuwa na nia ya kugombea, na niliwaona wakitazamana. Mmoja wao hakuchukua fomu kabisa.

Baadaye nilitumwa kwa mjumbe mmoja mzee, upande wa Gumanga, mwenye alama nyekundu. Nilimkuta akianika alizeti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Najua umekuja kwa ajili ya kijana."

"Ndiyo mzee. Unamwonaje?"

"Simjui. Amekulia Dodoma. Lakini baba yake alinizikia mke wangu. Deni hilo nimlipe nani kabla sijafa, kama si mwanawe?"

Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo sithubutu kumdharau. Mzee yule hakununuliwa. Alikuwa anatimiza jambo tulilofundishwa sote: aliyekufaa kwa dhiki usimsahau. Ukoo wa kisiasa hujijenga juu ya tabia njema za watu, na hiyo ndiyo sababu ni vigumu kuupinga kwa matusi au kwa hasira. Swali la kujiuliza ni kwa nini mzee yule alihitaji mwanasiasa ili amzike mkewe, na kwa nini jirani yake alihitaji gari la diwani ili mgonjwa afike hospitali. Kila huduma ambayo serikali imeshindwa kuifikisha kama haki, mwanasiasa huifikisha kama fadhila, na fadhila huandikwa. Pale zahanati inapokuwa na dawa na gari la wagonjwa likafika kwa simu moja, ukurasa wa kulia wa daftari hubaki mtupu.

Sheria zetu zimejaribu kuligusa jambo hili. Marekebisho ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, wakati wa kampeni, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta kwa kuwa ilimweka mgombea maskini chini ya mgombea tajiri. Ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010. Sheria hizo zinatazama msimu wa uchaguzi, nazo zina manufaa yake; nimeona watu wakiogopa kugawa fedha wazi kwa sababu ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Lakini daftari huandikwa miaka yote, hasa miaka isiyo na uchaguzi, na hakuna sheria inayoweza kumkataza mtu kuchangia msiba wa jirani.

Anayeumizwa na urithi huu haonekani kwenye takwimu, kwa sababu mara nyingi jina lake haliingii kwenye karatasi ya kura ya wananchi. Namkumbuka binti mmoja mwalimu aliyejitokeza kuomba udiwani katika chama hicho hicho, akishindana na mtoto wa diwani aliyetangulia. Binti yule alikuwa amekaa kwenye kamati ya watumia maji ya kijiji chake, akajua kisima kipi kimekufa pampu na kipi kimekauka. Alipopewa dakika zake mbele ya wajumbe, aliuliza habari za asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotakiwa kukopeshwa kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aliuliza ni vikundi vingapi vya kata ile viliwahi kupata mkopo huo. Ukumbi ulimsikiliza kwa utulivu wa kweli. Kijana aliyefuata alisema kwa ufupi kuwa amekuja kumalizia kazi ya baba, akataja shule na barabara zilizoanzishwa na marehemu, akaketi. Kura zilipohesabiwa, kijana alimwacha mbali. Tulipotoka nje, mama mmoja mjumbe alimshika binti yule mkono akamwambia, "Wewe ndiye unayefaa, mwanangu, ila sisi tuna ya zamani." Tangu hapo hakugombea tena, na hesabu ya ile asilimia 10 haikuulizwa tena katika kikao chochote nilichohudhuria katika kata ile.

Kijana yule hakuwa mtu mbaya, na lazima niseme hivyo. Alijituma, alisoma, alihudhuria vikao. Lakini aliingia akiwa hana deni kwa kisima chochote. Deni lake lilikuwa kwa watu wa daftari, na kila alipopata nafasi ya kugawa kitu, alianza na wao. Kata ina vitongoji vilivyokuwa karibu na baba na vitongoji vilivyokuwa mbali naye. Mtoto alivirithi vyote kwa mpangilio ule ule. Udhaifu wa kiti cha kurithi upo hapa: upendeleo uliotakiwa ufe na kiongozi mmoja unapewa maisha ya pili.

Mtu akitazama orodha ya wabunge wa Singida anaweza kusema tatizo hili si letu. Singida Mjini ilikuwa na Mohammed Dewji tangu 2005 hadi 2015, naye alipoondoka akaja Musa Sima. Singida Kaskazini ilimpata Lazaro Nyalandu mwaka 2000, akajiuzulu 2017. Iramba Magharibi ilimchagua Mwigulu Nchemba mwaka 2010 akitokea Benki Kuu, na Novemba 2025 akawa Waziri Mkuu. Singida Mashariki ilimchagua Tundu Lissu mara mbili, 2010 na 2015, kwa tiketi ya upinzani, na dada yake, Christina Lissu Mughwai, aliingia bungeni mwaka 2010 kupitia viti maalumu. Kwa hiyo hata huko ndugu wawili wameketi Bunge moja. Ila urithi wa kisiasa hauanzii bungeni. Shuka kwenye udiwani, kwenye uenyekiti wa kijiji, kwenye ujumbe wa mkutano mkuu, kwenye nafasi za jumuiya za vijana na za wanawake, utakutana na majina ya ubini yanayojirudia. Wajumbe nao wana watoto, na ujumbe wenyewe umeanza kukaa nyumbani.

Ngazi za juu za nchi zinatuonyesha tunakoelekea. Amani Abeid Karume aliongoza Zanzibar tangu 2000 hadi 2010, kiti alichokikalia baba yake hadi alipouawa Aprili 1972. Hussein Ali Mwinyi, mtoto wa Rais wa Awamu ya Pili, ni Rais wa Zanzibar tangu Novemba 2020. Machi 2014 Godfrey Mgimwa alishinda uchaguzi mdogo wa Kalenga baada ya kifo cha baba yake, William Mgimwa, aliyekuwa Waziri wa Fedha. Wiki tatu baadaye Ridhiwani Kikwete akashinda Chalinze, baba yake akiwa Ikulu. Mwaka 2020 Fredrick Lowassa akaingia bungeni kwa jimbo la Monduli, lililowakilishwa na baba yake kwa miaka mingi. Upinzani nao una nyuzi zake za familia: Freeman Mbowe, aliyeiongoza CHADEMA kwa muda mrefu, ni mkwe wa Edwin Mtei, mwasisi wa chama hicho. Sisemi kuwa hawa hawakufaa. Wako waliofanya kazi kabla ya kupewa kiti kikubwa. Hussein Mwinyi ni daktari, alikuwa mbunge tangu 2000 na waziri kwa miaka mingi. Ninachosema ni kwamba kila mmoja alianza safari akiwa tayari njiani, na wenzake wa umri ule walikuwa bado wanatafuta nauli.

Wananchi wakipewa nafasi, wanaweza kukataa. Aprili 2012, Arumeru Mashariki, CCM ilimsimamisha Sioi Sumari kugombea kiti cha baba yake, Jeremiah Sumari, aliyekuwa amefariki. Alipita kura za maoni. Mbele ya wananchi wote akashindwa na Joshua Nassari wa CHADEMA, kijana asiye na jina la kurithi. Majirani zetu Kenya wameona hayo hayo: Uhuru Kenyatta, mtoto wa Rais wa kwanza, alishindwa ubunge wa Gatundu Kusini mwaka 1997, na Gideon Moi akaupoteza useneta wa Baringo mwaka 2022. Lakini Kenya hiyo hiyo ilimpa Musalia Mudavadi kiti cha baba yake mwaka 1989, mara tu baada ya mazishi. Tofauti inatokana na nani anapiga kura na kama kuna mshindani wa kweli. Jina likipelekwa kwa watu wote, hupimwa. Likiishia ukumbini, hupokelewa.

Wapo wazee wanaoniambia kuwa utawala wa ukoo ni mila yetu, kwa hiyo tusijisumbue. Nawajibu kwa mila yenyewe. Wanyisanzu wa Mkalama walikuwa na utemi uliokaa kwenye ukoo wa Anyampanda, pale Kirumi, ukipita upande wa mama, na wenye utemi walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke. Kazi yao kubwa ilikuwa mvua. Katika nchi hii yenye msimu mmoja wa mvua, ambayo ikikatika mapema mtama na uwele hukaukia shambani, kila mtu aliweza kuona kama kazi imefanyika au haikufanyika, na mvua ikichelewa watu walielekea Kirumi. Mtemi alirithi kiti pamoja na mzigo unaopimwa kwa macho. Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya machifu kwa sheria. Wengine wao waliingia utumishi wa Jamhuri kwa njia mpya. Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe, alikuwa Spika wa Bunge. Makubaliano ya taifa yalikuwa kwamba kuanzia hapo cheo ni dhamana ya kupewa na wananchi. Mtoto anayerithi kiti leo anachukua heshima ya utemi bila mzigo wa mvua, na anachukua jina la demokrasia bila kupimwa na watu wote. Hiyo si mila ya Wanyisanzu, na si makubaliano ya 1963.

Sitaki mtoto wa kiongozi afungiwe mlango. Ni raia kama wengine, na nyumba ya siasa hufundisha mengi: kuvumilia matusi, kusoma muhtasari wa kikao, kujua nani wa kuonwa halmashauri. Kumnyima haki kwa sababu ya baba yake ni kumhukumu kwa ukoo, jambo lile lile tunalolikataa. Ninachotaka ni mlango upanuliwe, na nina mapendekezo matatu yanayotokana na kazi yangu. La kwanza, vyama virudishe kura za maoni kwa wanachama wote wenye kadi hai, na majina yachujwe baada ya wanachama kusema, kwa sababu za wazi zilizoandikwa. La pili, Bunge litekeleze uamuzi wa mwaka 2013 kuhusu mgombea binafsi, ili binti kama yule mwalimu akishindwa ukumbini aweze kwenda kwa wananchi. La tatu, halmashauri zibandike kwenye ofisi za kata orodha ya vikundi vilivyopata mikopo na wanafunzi waliosaidiwa kwa fedha za umma, kusudi mtu asije akaambiwa kuwa haki yake ilikuwa zawadi ya mheshimiwa.

Uchaguzi wa serikali za mitaa utarudi 2029 na uchaguzi mkuu 2030. Mjumbe mwenzangu, akija kwako mtoto wa mtu aliyekufadhili, mpokee, mpe maji, mshukuru kwa ya baba yake. Kisha muulize yeye mwenyewe amefanya nini katika kata hii, anaijua bajeti yake kwa kiasi gani, na ni kitongoji gani baba yake alikisahau. Akijibu vizuri, mpe kura. Akikujibu kwa jina la marehemu, mwombee marehemu pumziko jema, na kura yako mpe anayefaa.